Hundi ya Futi Sita

Hundi ilikataa kuingia kwenye lifti. Gitonga aliijaribu kwa wima, akaijaribu kwa mshazari, akaiinamisha taratibu kama mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini, lakini haikukubali. Lifti za jengo lile la Jane na Finch, jijini Toronto, zilitengenezwa kwa ajili ya watu na mifuko yao ya sokoni. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja mpangaji wa ghorofa ya kumi na moja angerudi nyumbani na hundi ya kadibodi yenye urefu wa futi sita.

Mkewe, Gakii, alimkuta hapo mlangoni pa lifti saa kumi jioni, siku ya Ijumaa, mwishoni mwa mwezi wa Mei. Alikuwa anatoka kwenye nyumba ya wazee alikofanya kazi. Tangu asubuhi alikuwa amewageuza, amewaosha na kuwalisha wazee kumi na mmoja, na miguu ilikuwa imemvimba ndani ya viatu.

"Baba Kendi, hiki ni nini?"

"Ni pesa zetu," alisema Gitonga, akijifuta jasho. "Shika upande ule. Tutapanda ngazi."

Gakii aliisoma. Juu kulikuwa na nembo ya Kaunti ya Nthangari. Chini yake iliandikwa: *Walipwe wakopeshaji wetu wa ughaibuni, dola za Kanada elfu arobaini na moja.* Sahihi ya Waziri wa Elimu wa kaunti ilikuwa ndefu kama mkia wa ng'ombe.

"Imetoka Kenya ikiwa hivi?"

"Ingeingiaje kwenye ndege? Walinitumia picha yake, nikaenda kuichapisha pale karibu na duka la matairi."

"Kwa pesa ngapi?"

Gitonga alijifanya anatafuta mahali pazuri pa kushika. "Dola themanini na tano," alisema hatimaye. "Watarudisha."

Basi wakaanza kupanda, mume mbele, mke nyuma, na hundi katikati ikigonga kuta kila walipokata kona. Katika ghorofa ya sita mlango wa ngazi ulifunguliwa, akatoka Dative na ndoo ya nguo. Dative alikuwa Mrundi, mjane mwenye binti mmoja, Jolie, na ndiye mtu ambaye Gakii hakutaka kukutana naye kabla mambo hayajanyooka. Alisimama, akaweka ndoo chini, akasoma tarakimu moja baada ya nyingine huku midomo ikicheza.

"Mama Kendi! Ndiyo ile?"

"Ndiyo hii, dada," Gitonga alidakia kabla mkewe hajafungua mdomo. "Kesho saa saba, ukumbi wa chini. Mheshimiwa Waziri mwenyewe atatukabidhi."

Dative aliinua mikono juu. "Bwana asifiwe! Miye nililala nikilia, Mama Kendi. Jumatatu ni siku ya mwisho ya kulipa minervali ya Jolie. Chuo kimesema tusipolipa, nafasi yake inapewa mutu mwingine, na chumba nacho kimeenda. Franga ni zile zile niliwakopesha, elfu moja na mia mbili. Mungu ni fundi kweli." Kisha akaigusa ile kadibodi kwa ncha za vidole, kwa adabu, kama anayegusa mtoto wa wenyewe.

Gakii alitamani ngazi zile zimmeze.

*

Gitonga alikuwa dereva wa foklifti katika ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Huko walimwita Git, na msimamizi wake, kijana wa miaka ishirini na saba, alimpigia mbinja alipomhitaji. Lakini Jumamosi na Jumapili alikuwa Mwenyekiti wa Chama cha Wananthangari wa Toronto, na mtu akimwita kwa jina lake tu katika siku hizo mbili alijifanya hasikii. Alikuwa na suti ya rangi ya samawati kwa ajili ya uenyekiti, na hotuba aliyoifanyia mazoezi bafuni mpaka binti yao Kendi, mwenye miaka kumi na miwili, akaikariri kwa lafudhi ya kihuni na kuwachekesha wenzake nayo shuleni.

Uenyekiti huo ulikuwa umezaa hatifungani, yaani karatasi za kuikopesha kaunti. Kaunti ilitangaza kwamba haina pesa za kujenga shule za kutwa, ila wananchi wakikopesha ujenzi, yenyewe itawarudishia pesa zao zote na faida kidogo, miezi kumi na minane baada ya jengo kukamilika. Gitonga alihutubia. Watu walipiga makofi, hakuna aliyetoa hata senti. Ndipo Gakii alipozunguka na karatasi zile kanisani, kazini na humo humo jengoni, na watu ishirini na watatu wakanunua, kwa sababu Gakii hajawahi kumdanganya mtu. Dative hakujua Nthangari iko upande gani wa Kenya, wala hakuuliza. Alichojua ni kwamba alipofika Kanada bila koti, Gakii ndiye aliyempeleka kwenye kazi yake ya kwanza.

Pesa zilikwenda, na kwa maajabu ya Mungu shule ikajengwa: madarasa manne yenye bati jekundu. Kilichobaki kilikuwa kurudishiwa. Mwaka wa kwanza kaunti ilisema mkaguzi wake hajafika shuleni kwa sababu barabara ni mbovu. Mwaka wa pili mkaguzi alifika, akaona kwamba madarasa yamo lakini cheti cha choo hakimo. Cheti kikapatikana. Kisha ikaja barua nzuri kuliko zote, ambayo Gakii aliisoma mara tatu akiwa ndani ya basi. Idara ya Fedha ilikuwa imegundua bango la shaba ukutani mwa shule, lililozinduliwa na kaunti yenyewe kwa ngoma na mahema, lisemalo: *Shule hii imejengwa na Serikali ya Kaunti.* Sasa, waliuliza wataalamu wa Fedha, kaunti itawarudishiaje watu gharama za jengo ambalo imelijenga yenyewe?

Ili kulitatua fumbo hilo, kaunti iliamua kutuma ujumbe wa watu saba Toronto, kwa siku tisa, kuwahakiki wakopeshaji. Barabara ya kilomita kumi na nne hadi shuleni ilikuwa imewashinda. Ya Toronto hakuna aliyeilalamikia.

"Na chakula cha kesho?" Gakii aliuliza walipoiegemeza hundi nyuma ya sofa. Ilifunika nusu ya dirisha, sebule ikawa na giza.

"Mheshimiwa hali kuku," alisema Gitonga. "Afisa wa itifaki amenipigia simu. Ni mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Mama Kendi, watu wanatuletea elfu arobaini na moja, nawe unahesabu mbuzi?"

Gakii alikwenda buchani Finch na miguu yake ile ile iliyovimba. Alilipa kwa kadi, na kadi ilipokataa mara ya kwanza, muuza nyama akasema kwa sauti ya upole iliyosikika hadi mwisho wa foleni, "Jaribu nyingine, dada, hata mimi hunitokea."

*

Wageni walioalikwa saa saba walifika saa tisa na nusu, wakiwa na mifuko ya maduka ya nguo za bei nafuu. Walikuwa saba kamili: Mheshimiwa Gerishon Murithi, Waziri wa Elimu wa kaunti, msaidizi wake, afisa wa itifaki, mpiga picha, wajumbe wawili wa bunge la kaunti, na bwana mmoja mnene ambaye hakuna aliyejua kazi yake mpaka alipoondoka, ila alikula kuliko wote.

Wakopeshaji walikuwa wamekaa tangu saa saba kwenye viti vya kukodi. Dative alikuwa safu ya mbele, amevaa kitenge cha harusini, na Jolie pembeni yake akiangalia simu. Wasimamizi wa jengo walikuwa wametoa ukumbi mpaka saa kumi na mbili. Ikizidi dakika moja, amana ya dola mia mbili ingepotea, na aliyeiweka alikuwa Gakii.

Mheshimiwa alizungumza dakika hamsini. Alisema Kenya ina kaunti arobaini na saba, na ughaibuni ni ya arobaini na nane moyoni mwake. Alisema mtoto wa Nthangari leo anasoma chini ya bati, na bati hilo lina majina yao. Mpiga picha akawapanga. Hundi ikaletwa. Mheshimiwa akaishika upande mmoja, Gitonga upande mwingine, wakatabasamu kwa muda mrefu hivi kwamba tabasamu la Gitonga likaanza kutetemeka. Watu walipiga makofi. Dative alipiga vigelegele, na wengine wakamfuata.

"Sasa, kwa utaratibu wa serikali," alisema Mheshimiwa, "kila mkopeshaji atatia sahihi fomu fupi ya kukiri mapokezi. Halafu tule."

Msaidizi aligawa karatasi na kalamu. Kulikuwa na harufu ya mbuzi, saa ilikuwa imekwenda, na watu wakaanza kusaini juu ya magoti yao. Gakii hakusaini. Kazini kwake, mtu akitia sahihi bila kusoma, mzee anaweza kupewa dawa ya jirani yake. Aliisoma fomu kuanzia juu mpaka chini, kisha akairudia aya ya nne, iliyokuwa kwa herufi ndogo kama chawa. Ilisema kwamba mtia sahihi anakubali mkopo wake ugeuzwe kuwa mchango wa hiari usiorudishwa, na kwamba kwa shukrani jina lake litaandikwa kwenye Ukuta wa Heshima shuleni.

"Wekeni kalamu chini," alisema.

Hakupaza sauti. Lakini aliyezoea kusikia sauti hiyo kanisani alijua si ya mchezo. Kalamu zikasimama.

"Mama, kuna shida?" Mheshimiwa aliuliza akitabasamu.

"Hundi hii ni ya benki gani, Mheshimiwa?"

"Hii ni ya mfano, mama. Ya picha."

"Na yenyewe iko wapi?"

"Iko kwenye mchakato."

"Mchakato gani, na hapa imeandikwa kwamba tumewapa pesa zetu bure?"

Minong'ono ilianza. Mheshimiwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayemwombea radhi mtoto wa mwingine. "Hayo ni maneno ya mawakili tu, mama. Msiyaogope. Kaunti haiwezi kulipia jengo lake mara mbili, wakaguzi watatufunga. Lakini heshima haina mkaguzi! Jina lako ukutani, wajukuu wako wanakuja, wanalisoma..."

Dative alisimama. Kiswahili chake kilikuwa cha Bujumbura, na hasira ilikuwa imekipunguzia subira. "Baba, miye si mutu wa kwenu. Hakuna mujukuu wangu atakwenda kusoma ukuta kule. Miye nataka franga zangu. Mutoto analipa shule Jumatatu. Nimpe mwalimu wa chuo huo ukuta?"

Watu walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza Gitonga. Maana waziri anaweza kuvumilia kuulizwa, ila kuchekwa hapana. Mheshimiwa aliikunja karatasi iliyokuwa mkononi mwake na kuitia mfukoni.

"Basi, ndugu zangu, msisaini," alisema. "Hizi fomu tulizileta kwa adabu tu. Kaunti ilikopeshwa na chama, si na mtu mmoja mmoja. Na chama kilishasamehe deni tangu Desemba. Mwulizeni Mwenyekiti wenu. Sahihi ninayo."

Ukumbi mzima uligeuka. Gitonga alikuwa bado ameshika upande wake wa hundi, peke yake sasa, na upande wa pili ukiwa sakafuni.

"Ni kweli, Baba Kendi?" aliuliza Gakii.

"Walisema... ilikuwa ni utaratibu wa kuharakisha..."

"Walikupa nini?"

Gakii alijibiwa na afisa wa itifaki, ambaye alidhani anamsaidia Gitonga. "Mzee Gitonga ndiye Balozi wetu wa Elimu kwa Kanada nzima! Atatawazwa Agosti, shuleni, mbele ya Gavana."

Mama mmoja wa kanisani aliinuka, akaenda kwenye meza ya chakula, akang'oa karatasi ya foili na kuanza kujifungia nyama. Akafuata mwingine, na mwingine. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Wananthangari wa Toronto, wenyeji walijipakulia kabla ya wageni, na kila mmoja alibeba kiasi alichodhani ni faida ya mkopo wake. Yule bwana mnene aliwahi paja. Wengine wa ujumbe waliambulia kachumbari.

Dative hakuchukua kitu. Alimshika Jolie mkono, akapita mbele ya Gakii bila kumwangalia.

*

Jumapili hawakwenda kanisani. Gitonga alikaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa fulana, na kwa kuwa suti haikuwepo mwilini hakujua mikono aiweke wapi.

"Tutulie wiki mbili tatu," alisema. "Watu husahau. Nitaandika ujumbe kwenye kundi, nieleze muktadha."

"Ulisaini pesa za Dative."

"Nilisaini kama chama! Hazingerudi, Gakii. Hata kama nisingesaini, wale hawalipi. Sasa angalau..."

"Angalau wewe ni balozi."

Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Kule ghalani kuna kijana ananipigia mbinja," alisema polepole. "Miaka kumi na moja niko pale. Mtu akakupigia simu kutoka nyumbani, akakwambia, Balozi, unajisikiaje huko..."

Gakii alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi. Aliketi kando yake. "Nauli ya kwenda kutawazwa umeitoa wapi?"

Gitonga alitazama kabati.

Bahasha ilikuwa chini ya soksi, ndani yake dola elfu moja na mia tano. Alikuwa amezikusanya kidogo kidogo kutokana na zamu za ziada, kwa ajili ya tiketi na suti ya pili. Usiku ule wa Ijumaa Gakii aliolala akiwaza kadi iliyokataa buchani, bahasha ilikuwa hatua tatu kutoka kichwani pake. Alizihesabu, akachukua elfu moja na mia mbili, akampa mumewe.

"Vaa shati. Utampelekea wewe."

"Mpelekee wewe. Wewe ndiye rafiki yake."

"Nilikuwa."

"Na wale wengine ishirini na wawili?"

"Utawaambia kwa mdomo wako, mlango kwa mlango. Utawaambia ulichofanya, na utawaambia kila mwezi utatoa ngapi. Jumamosi utafanya zamu, si mikutano. Mimi nitaongeza zangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyewaambia wanunue. Ukikataa, nitakwenda peke yangu, lakini sitarudi kulala chumba hiki."

Alikuwa anasema kweli, na Gitonga, ambaye katika maisha yake alikuwa ametishwa na watu wengi waliokuwa wanatania, aliitambua tofauti. Akavaa shati.

Kwa Dative, ghorofa ya sita, Jolie ndiye aliyefungua. Aliwatazama, akamwita mamake kwa Kifaransa, akaingia ndani. Dative alikuja hadi mlangoni na kusimama pale pale. Nyuma yake mezani kulikuwa na chai na mkate, na harufu ya ndizi za kukaanga. Siku nyingine yoyote wangeshavutwa ndani kwa mikono na kukalishwa.

"Dada Dative," Gitonga alianza, "kama mwenyekiti wa chama, ningependa kwanza nieleze muktadha..."

Gakii alimgusa kiwiko.

Gitonga akaiacha hotuba. "Niliuza deni lako," alisema. "Nilisaini bila kukuuliza, kwa ajili ya cheo. Nisamehe. Hizi hapa pesa zako. Faida bado, nitaileta."

Dative alizichukua. Alizihesabu hapo hapo mlangoni, noti baada ya noti, bila haraka, na mpangaji wa jirani aliyekuwa anapita na taka akapunguza mwendo ili aone vizuri. Gitonga alitazama viatu vyake. Dative alipomaliza alihesabu tena kuanzia mwanzo. Kisha akaingia ndani, wakamsikia akisema, "Jolie, vaa viatu, tukaziweke kwa mashine ya benki, tulipe leo. Tusingoje Jumatatu." Akarudi.

"Zimetimia," alimwambia Gakii, si Gitonga. "Mama Kendi, miye nilikupa wewe. Sikumpa huyu."

"Najua."

"Siku nyingine ukisema kitu, nitakuuliza maswali."

"Uniulize."

Mlango ulifungwa, si kwa kishindo, ila kufuli lilizungushwa mara mbili.

Wakashuka hadi ghorofa ya nne. Huko aliishi Elinaza, Mtanzania aliyekopesha mia nane. Gitonga alitembea nyuma ya mkewe, akipumua kama aliyepanda badala ya kushuka.

"Hakusema hata asante," alisema.

Gakii alisimama mbele ya mlango wa Elinaza na kumgeukia. "Asante ya nini?" aliuliza. Kisha akabonyeza kengele.